Jeli Inayolinda na Jeli Inayochelewesha: Chanjo Inavyobebwa na Hidrojeli

Pasua nepi mpya ya kutupa, kung'uta ule unga mweupe uliojificha ndani ya pamba yake, weka kijiko kimoja kwenye glasi kisha mimina maji. Ukikoroga mara mbili tatu maji yanashikana, na ukiipindua glasi hakuna kinachomwagika. Ule unga ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa fundo hapa na pale mpaka ikawa wavu. Minyororo hiyo inapenda maji, inayavuta, wavu unavimba na maji yananasa humo. Sasa nyunyiza chumvi ya mezani ukoroge tena. Jeli inalegea, inatema maji yake, na muda si mrefu unabaki na majimaji yanayomwagika kama kawaida.

Wavu wa polima ulioshika maji mengi kiasi hicho ndio unaoitwa hidrojeli. Na ndani ya glasi hiyo umeona mambo mawili ambayo watafiti wa chanjo wanayahangaikia: wavu ushike, na siku ikifika ukubali kuachia. Tofauti ni kwamba wao hawahangaikii maji. Wanataka kunasa vipande vya kirusi au bakteria, vitu vyenye upana wa nanomita chache tu, na kuviachia vikiwa vizima.

Mwili hauioni hidrojeli kuwa kitu kigeni sana. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wanakemia wa Prague, walichapisha katika jarida la Nature makala fupi kuhusu jeli zinazopenda maji na jinsi zinavyoweza kutumika mwilini. Krismasi ya mwaka 1961 Wichterle alikaa nyumbani kwake akatengeneza lenzi laini za macho kwa mtambo aliouunga kutokana na vyuma vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Lenzi laini za leo ni wajukuu wa mtambo ule. Baadaye jeli za aina hii ziliingia ndani zaidi: mwaka 2007 Marekani iliidhinisha kipandikizi cha hidrojeli kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu na kutoa homoni ya histrelini kidogo kidogo kwa mwaka mzima, kwa watoto wanaobalehe mapema mno. Kwa hiyo swali la kama mwili unaweza kukaa na jeli lilijibiwa zamani. Swali la sasa ni jeli itaifanyia nini chanjo.

Hapa ndipo mambo yanapochanganywa. Ukisoma habari za hidrojeli na chanjo utakutana na ahadi mbili, mara nyingi ndani ya aya moja: kwamba chanjo haitahitaji tena jokofu, na kwamba dozi moja itatosha badala ya mbili au tatu. Msomaji anaondoka akidhani kuna jeli moja ya ajabu inayofanya yote mawili. Haipo. Ahadi hizo ni kazi mbili tofauti, na kwa kiasi kikubwa zinavutana. Jeli ya kulinda chanjo dhidi ya joto inafanya kazi ndani ya kichupa, na ubora wake ni kutoweka kabla sindano haijaingia mwilini. Jeli ya kuchelewesha chanjo inaanza kazi baada ya sindano kuchomolewa, na ubora wake ni kukaa. Nitaanza na hii ya pili, kwa sababu sayansi yake ni tamu zaidi na inaeleweka vibaya zaidi.

Chanjo inayoisha kabla mwili haujajipanga

Unapougua kweli, kirusi hakiji mara moja kikaondoka. Kinaanza kidogo, kinaongezeka siku hadi siku kwa wiki moja au mbili, kisha mwili unakizidi nguvu na kinapungua. Sindano ya kawaida ya chanjo ya protini inafanya kinyume. Antijeni, yaani kile kipande cha kimelea ambacho mwili unatakiwa kujifunza kukitambua, inamiminwa yote kwa sekunde chache, na sehemu kubwa inasambaa na kumezwa ndani ya siku moja au mbili. Mwili unapata kishindo kikubwa mwanzoni, halafu kimya.

Tatizo la kimya hicho linaonekana ukiingia ndani ya tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kwapani au kinenani tunaziita mitoki. Siku kadhaa baada ya chanjo, ndani ya tezi hizo hujengeka maeneo madogo ambayo nitayaita vituo vya mchujo. Seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, huingia humo na kugawanyika kwa kasi, na kila zikigawanyika zinabadilisha makusudi jeni za kingamwili zake. Mabadiliko mengi ni ya hasara. Machache yanaifanya kingamwili ishike antijeni kwa nguvu zaidi. Kinachoamua nani aendelee ni ushindani: seli inayoweza kuinyakua antijeni na kuionyesha kwa seli T wasaidizi inapewa ruhusa ya kuendelea kugawanyika, isiyoweza inakufa. Mzunguko unarudiwa tena na tena, na kadiri unavyorudiwa ndivyo kingamwili zinavyozidi kuwa kali.

Sasa fikiria mchujo huu bila kitu cha kushindania. Vituo vinachukua karibu wiki nzima kujengeka vizuri. Antijeni iliyomiminwa siku ya kwanza ilifika wakati hakuna aliyekuwa tayari kuipokea. Kuna seli maalumu ndani ya tezi zinazoweza kuihifadhi antijeni juu ya matawi yake kwa muda mrefu, lakini huipokea vizuri zaidi inapoletwa ikiwa imeshikwa na kingamwili, na siku ya kwanza kingamwili hazijatengenezwa. Mbaya zaidi, antijeni inayozurura bila kushikwa inakatwakatwa na vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazofanya kazi kama mikasi. Seli B zinazofika kwa kuchelewa zinakutana na mabaki, zinajifunza sura ya mabaki, na kingamwili zinazotokana na somo hilo hazina msaada mkubwa dhidi ya kirusi kizima.

Watafiti waliamua kulijaribu wazo hili kwa njia isiyo na jeli hata kidogo, na ni vizuri kulikumbuka hilo. Mwaka 2016 kundi la Darrell Irvine huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, lilichukua dozi moja ya antijeni ya HIV, likaigawa katika sindano ndogo ndogo 7 kwa muda wa wiki mbili, kila moja ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia. Kiasi cha jumla hakikuongezwa. Panya waliochanjwa hivyo walitoa kingamwili zaidi ya mara 10 kuliko waliopewa dozi yote kwa mkupuo. Mwaka 2019 mtafiti wa kinga Shane Crotty na wenzake walifanya jambo la namna hiyo kwa tumbili aina ya rhesus, safari hii wakipandikiza chini ya ngozi vipampu vidogo vinavyotoa chanjo taratibu kwa wiki kadhaa. Wakavuta chembe za tezi kwa sindano nyembamba wiki baada ya wiki ili waone kinachoendelea ndani, na wakaona mchujo mkubwa zaidi na kingamwili bora zaidi. Miaka mitatu baadaye, katika kazi nyingine iliyochapishwa katika Nature, tumbili waliopewa dozi ya kwanza kwa mpangilio wa kuongezeka walionekana na vituo vya mchujo vinavyoendelea kufanya kazi angalau siku 191 baadaye, bila dozi nyingine yoyote ya kuongeza nguvu.

Zaidi ya miezi 6, kutokana na chanjo ileile, kiasi kilekile. Kilichobadilika ni ratiba.

Nimeirefusha sehemu hii kwa sababu bila kuielewa hidrojeli inaonekana kama chombo tu, kibuyu cha kubebea. Kumbe kinachotafutwa ni saa. Hakuna mchanjaji anayeweza kumwita mtu mara 7 kwa wiki mbili, na hakuna atakayekubali kupandikizwa pampu ili achanjwe. Jeli ni jaribio la kuzifungia zile sindano 7 ndani ya sindano moja.

Jeli inapitaje kwenye sindano?

Rudi kwenye ile glasi. Ukijaribu kuivuta jeli ya nepi kwa bomba la sindano utachoka, na ukifanikiwa utakuwa umeipasua vipande. Wavu wake umefungwa kwa viungo vya kudumu vya kemia, na kiungo cha kudumu kikikatika hakijirudi. Jeli ya kuchoma lazima ilegee ikisukumwa na ishikane tena ikiachwa. Dawa ya meno inafanya hivyo kila asubuhi: inatoka kwenye tyubu ukiibinya, inatulia juu ya mswaki bila kutiririka.

Njia za kulifikia hilo ni kadhaa. Kuna polima ambazo zikiwa baridi ni maji, zikifika joto la mwili zinaganda zenyewe. Kuna aljineti, inayotokana na mwani, ambayo inaganda ikikutana na kalsiamu. Kuna kitosani ya magamba ya kamba na kaa. Kila moja ina wafuasi wake na matatizo yake, na sitazipitia zote.

Ninayoipenda kuieleza ni ile ya maabara ya Eric Appel katika Chuo Kikuu cha Stanford, kwa sababu unaweza karibu kuiona kwa macho. Wanachukua selulosi iliyobadilishwa kidogo, jamaa wa ile inayotumika kufanya matone ya macho yawe mazito, na kuipachika vijimkia vya mafuta. Pembeni wanaandaa chembechembe ndogo mno za polima nyingine, zenye kiini kinachokimbia maji. Viowevu hivi viwili vikiwekwa kwenye mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa mdomo kwa mdomo na kusukumwa huku na huku, vijimkia vya mafuta vinajichomeka kwenye chembechembe na kujishikiza. Chembechembe zinakuwa mafundo, selulosi inakuwa uzi, wavu umekamilika. Mchanganyiko mmojawapo wanaoutumia una asilimia 2 ya selulosi na asilimia 10 ya chembechembe. Kinachobaki ni maji ya chumvi. Antijeni na kichocheo cha kinga huchanganywa humo humo wakati wa kusukuma. Hakuna moto wala kemikali kali ya kuidhuru protini.

Fundo la namna hii si la kudumu. Vijimkia vinachomoka na kuchomeka tena kila wakati. Ukiisukuma jeli kwenye sindano mafundo mengi yanaachia kwa pamoja na jeli inatiririka. Ikitoka upande wa pili yanarudi, na chini ya ngozi panabaki kijivimbe laini kinachopungua taratibu kadiri wavu unavyomomonyoka kutoka nje kwenda ndani.

Kuna ujanja mmoja hapa unaosahaulika. Chanjo nyingi za protini zina abiria wawili: antijeni, na kichocheo, yaani kitu kinachouambia mwili kwamba hatari imeingia. Antijeni bila kichocheo hudharauliwa. Kichocheo bila antijeni ni kelele tupu. Shida ni kwamba abiria hawa mara nyingi wana maumbo tofauti kabisa, na katika jeli ya kawaida yule mdogo anapenya kwenye matundu na kutoroka siku ya kwanza, yule mkubwa anabaki ndani wiki nzima. Wanafika kwenye tezi wakiwa wamepishana. Katika jeli ya Stanford matundu ya wavu ni madogo kuliko abiria wote wawili, kwa hiyo hakuna anayepenya peke yake. Wanasafiri kwa mwendo wa wavu wenyewe na kutoka pamoja. Majaribio ya kundi hilo kwa panya, yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2020, kwanza kwa protini ya majaribio kisha kwa kipande cha kirusi cha Uviko-19, yalionyesha vituo vya mchujo vinavyodumu zaidi na kingamwili zenye mshiko bora kuliko sindano ya kawaida yenye viambato vilevile.

Panya, narudia. Panya ana ngozi isiyoshikana na nyama iliyo chini yake kama ya mtu, na kijivimbe cha sehemu ya kumi ya mililita kwake ni mzigo mkubwa. Muda wa siku ngapi jeli itadumu kwa binadamu hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwake.

Ile nyingine, ya kichupa

Protini ni uzi uliokunjwa kwa umbo mahususi, na umbo ndilo linalofanya kazi. Joto linautikisa uzi mpaka unafumuka, kisha nyuzi zilizofumuka zinashikana madonge. Ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa ute, na chanjo iliyoharibika kwa joto nayo hairudi. Ndiyo maana chanjo nyingi husafiri kwenye mnyororo baridi wa nyuzi joto 2 hadi 8 kutoka kiwandani hadi kwa mchanjaji. Baridi ikizidi ni hasara pia: chanjo zenye chumvi za alumini zikiganda, chembe zake hushikana, na ndiyo sababu wahudumu hufundishwa jaribio la kutikisa kichupa na kuangalia mashapo yanatua kwa kasi gani.

Jeli ya kulinda inafanya jambo moja rahisi. Inamfungia kila protini chumba chake, ili hata akitikiswa na joto asikutane na wenzake wakashikana. Ugumu unakuja wakati wa kumtoa. Mwaka 2022 watafiti wa ETH, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia huko Zurich, Uswisi, walieleza wavu uliofungwa kwa viungo vya boroni, uliolinda vimeng'enya hadi nyuzi joto 65. Kuufungua wanaongeza sukari. Boroni inaipenda sukari kuliko mwenzake wa kwenye wavu, inamwacha, na jeli inayeyuka ikawa kiowevu cha kuchomwa. Ni ile chumvi ya kwenye glasi, ila kwa ustadi zaidi.

Mwaka 2024 kundi la vyuo vikuu vya Manchester, Glasgow na Warwick lilipita njia nyingine kabisa, na nakiri niliposoma mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Jeli yao imefumwa kwa nyuzi ngumu, na haiyeyuki. Inakaa ndani ya bomba la sindano pamoja na protini. Mdomoni mwa bomba pana kichujio. Ukibonyeza, msukumo unauvunja wavu, nyuzi zinanaswa kwenye kichujio, na kinachopita ni protini safi ndani ya maji. Jeli haiingii mwilini kabisa. Walijaribu insulini kwenye nyuzi 25 na kimeng'enya kimoja kwenye nyuzi 50 kwa siku 7, na wakatuma sampuli kwa posta ya kawaida waone kama mitikisiko ya safari itaharibu kitu. Zilifika salama. Hawakujaribu chanjo, lakini protini ni protini, na mtu anayefikiria kichupa cha chanjo kwenye begi la mchanjaji anaona mara moja kwa nini jambo hili linamhusu.

Ziweke sasa pamoja. Jeli ya Glasgow ikichomwa ilivyo ingekuwa imeshindwa kazi yake. Jeli ya Stanford ikiyeyuka kabla ya kuchomwa, hivyo hivyo. Kinadharia unaweza kutengeneza moja inayofanya yote mawili, na wapo wanaojaribu, lakini kila sifa unayoiongeza upande mmoja unailipia upande wa pili. Wavu unaoshika kwa nguvu hadi protini isitikisike kwenye nyuzi 65 si wavu utakaoiachia kwa urahisi kwenye 37.

Kuna vitu vingine vinavyotajwa pamoja na hidrojeli bila kuwa kitu kimoja nayo. Viraka vya visindano vidogo, kama kile cha surua na rubela kilichojaribiwa Gambia na matokeo yake kutolewa katika The Lancet mwaka 2024, vina visindano vya kuyeyuka: vinaingia kwenye ngozi, vinayeyuka, basi. Faida yake ni ukavu na kutohitaji sindano ya kawaida, si kuchelewesha. Vipo viraka vya hidrojeli vya kweli, ambavyo visindano vyake huvimba ndani ya ngozi badala ya kuyeyuka, ila hivyo vimeendelezwa zaidi kwa ajili ya dawa. Kuna pia vijikasha vya polima vya Robert Langer na wenzake wa MIT, vilivyoelezwa mwaka 2017, ambavyo ni kama vikombe vyenye vifuniko: kimoja kinapasuka baada ya wiki, kingine baada ya mwezi. Hivyo vinaiga ratiba ya kliniki, dozi kamili kwa tarehe zake. Jeli inaiga ugonjwa wenyewe. Na huko Japani kuna chembe za jeli ndogo mno za kupuliza puani, zilizoelezwa mwaka 2010, ambazo hujishikiza kwenye utando wa pua na kuiachia antijeni hapo. Hizo ni hidrojeli bila ubishi, ila uwanja wake ni mwingine.

Vinavyokwaza

Wazo la chanjo inayotoka taratibu si la jana. Mwaka 1979 Langer na mwenzake Preis walionyesha kwamba kidonge cha polima kilichopandikizwa kwa panya kinaweza kutoa antijeni na kuamsha kingamwili kwa miezi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likasukuma kazi ya chanjo ya pepopunda ya dozi moja kwa chembe za polima zinazooza mwilini. Haikufika sokoni. Sababu moja ilikuwa ya kusikitisha kwa urahisi wake: polima ile ikioza hutoa asidi, na asidi ikaiharibu antijeni iliyokuwa imefungiwa ndani ikisubiri zamu yake.

Hidrojeli haina asidi hiyo, na hapo ni nafuu kubwa. Lakini lile swali halijaondoka. Antijeni inayokaa wiki tatu mwilini inakaa wiki tatu kwenye nyuzi joto 37, ndani ya maji, jirani na vimeng'enya. Chanjo tunayoilinda kwa jokofu njia nzima tunaiomba ikae kwenye joto la mwili mpaka zamu yake. Antijeni nyingine zinaweza. Nyingine zinafumuka zikiwa bado ndani ya jeli, na jeli inaendelea kwa uaminifu kuutumia mwili picha ya kitu kilichoharibika.

Halafu kuna usafi. Kiowevu cha chanjo kinaweza kupitishwa kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko bakteria. Jeli nzito haipiti humo, na ukiichemsha kwa mvuke unaharibu protini. Kwa hiyo kila kiambato kinasafishwa peke yake, na kuchanganya kunafanywa katika mazingira yasiyo na kimelea hata kimoja, jambo linalowezekana ila linaongeza gharama na hatua za kukosea. Na kuna jambo ambalo wazazi watauliza kabla ya wadhibiti: mtoto akipata mzio, unaitoaje? Dozi ya kawaida haiwezi kurudishwa pia, lakini angalau imekwisha upesi.

Pamoja na hayo yote, ukiangalia hesabu unaelewa kwa nini watu hawakati tamaa. Kwa takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2024, watoto milioni 14.3 duniani hawakupata hata dozi moja ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, na wengine milioni 5.7 walianza hawakumaliza. Hao wa kwanza jeli haiwasaidii moja kwa moja. Hawakufikiwa, na jeli haitembei. Ni hao milioni 5.7, waliofika mara moja wasirudi, ambao dozi moja yenye ratiba ndani yake ingewakamilisha.

Mshindani mkubwa wa hidrojeli huenda akawa wa zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1926 Alexander Glenny aligundua kwamba sumu ya dondakoo iliyodhoofishwa, ikichanganywa na chumvi ya alumini, inaamsha kinga kwa nguvu zaidi. Chumvi hiyo ndani ya kichupa ni uteute mweupe, na viwandani bado wanaiita jeli ya alumini ingawa si wavu wa polima. Kwa miongo kadhaa ilidhaniwa inafanya kazi kwa kuishikilia antijeni pale ilipochomwa. Majaribio ya baadaye kwa panya yalilitikisa wazo hilo: sehemu iliyochomwa iliondolewa saa mbili tu baada ya sindano, na kinga ikaja vilevile. Alumini ilikuwa inachochea, haikuwa inashikilia; antijeni nyingi huchomoka kwenye alumini mara zikikutana na majimaji ya mwili.

Kundi la Irvine limerudi kwenye uteute huo huo. Wameipachika antijeni vijimkia vya fosfati, na fosfati inaing'ang'ania alumini isiachie kwa siku nyingi. Na mwaka 2024 walionyesha kwa panya kwamba zile sindano 7 zinaweza kupunguzwa hadi 2 na bado ukabaki na sehemu kubwa ya faida: asilimia 20 ya dozi siku ya kwanza, asilimia 80 wiki moja baadaye. Ile ya kwanza inaandaa kingamwili za mwanzo, ile ya pili inakuta wa kuipokea na kuipeleka kwenye vituo vya mchujo ikiwa nzima. Kwa mtengeneza jeli hiyo ni habari ya kumtuliza na kumtia wasiwasi kwa pamoja. Hahitaji tena wavu unaodondosha kwa ustadi siku 14 mfululizo. Anahitaji unaoachia kidogo sasa, na kilichobaki Jumatatu ijayo. Ila mwenye kichupa cha alumini, kilichozoeleka kwa karibu miaka 100, naye ameisikia habari hiyo hiyo.